Ndege Pekee Niliyemweza

Mama yangu alipokuwa akipiga hegelung, watu waliokuwa wanapita walishusha mizigo njiani wakasimama. Nasema hivi mapema ili ujue kwamba kipaji kilikuwepo nyumbani kwetu, ila kilinipita mimi kikaenda zake. Hegelung ni gambusi letu la nyuzi mbili, refu na jembamba. Uzi mmoja unavuma tu, mwingine ndio unaosema. Na sisi Watboli wa huku Ufilipino, milimani juu ya Ziwa Sebu, hatuipigi ili watu waimbe maneno. Tunapiga ndege. Tunapiga kigong'ota akitoboa mti, tunapiga chura wa mvua, tunapiga maji yakidondoka kwenye jani la mgimbi. Wimbo wa namna hiyo tunauita utom, na mpigaji akimaliza, wasikilizaji humtaja aliyesikika. Wakitaja sawasawa, umepiga. Wasipotaja, umekuna uzi.

Mimi nilikuna uzi kwa miaka thelathini.

Wala siongezi chumvi. Nilimpiga hondohondo, watu wakasema ni msumeno. Nilipiga kijito cha asubuhi, bibi mmoja akaniuliza kwa huruma kama tumbo linanisokota. Siku moja nilimpiga kigong'ota, na shemeji yangu akainuka kwenda kufungua mlango. Nilifurahi wiki nzima, mpaka nikaambiwa kwamba kweli kulikuwa na mgeni anabisha hodi. Kwetu mpigaji hucheza huku anapiga, anazunguka, anapinda magoti, na kucheza nilijua. Nadhani ndiyo sababu walinivumilia.

"Baba Wanay," mke wangu aliniambia siku moja bila kuinua macho kutoka kwenye nyuzi alizokuwa anafuma, "kwa nini usiwaambie watu kwamba unapiga bata? Watakusifu."

"Sijawahi kupiga bata maisha yangu yote."

"Unampiga kila siku, mume wangu. Hujui tu."

Kazi inayonilisha ni samaki. Nina vizimba vya mianzi ziwani, nafuga perege, na baada ya kazi nilikuwa nakaa ukingoni nawapigia hao. Hakuna perege aliyewahi kuninunia. Hapo ndipo sifa zangu zote zilipoishia, miongoni mwa samaki.

Wanay ni mtoto wetu wa pekee. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, mfumaji kama mama yake, na alikuwa ameshakataa wachumba wawili: wa kwanza kwa sababu alicheka chakula kikiwa mdomoni, wa pili hakutaja sababu. Kisha akatokea Tafing kutoka ng'ambo ya kilima, kijana wa farasi, mpole, asiye na maneno mengi. "Baba," Wanay aliniambia, "huyu ndiye." Alisema mara moja tu, na nikajua mtoto hatanii.

Tatizo lilikuwa Gumbay, baba mkubwa wa Tafing, aliyemlea kijana tangu wazazi wake walipofariki. Yeye alikuwa na msichana mwingine moyoni, binti wa rafiki yake. Alikubali kuja kwetu kuposa kwa shingo upande, na kila mtu alijua kwamba anatafuta sababu tu ya kughairi.

Sababu nilimpa mimi.

Ilianza na jiko. Vile vituo vya vidole, vijiti vilivyopangwa kwenye shingo ya hegelung, hushikwa kwa nta ya nyuki. Mke wangu aliokota hegelung yangu iliyokuwa imelala juu ya uzi wake mpya, akaitundika juu ya jiko la kuni pamoja na samaki wa kukausha, akasema angalau moshi utaua bungua. Nta ikalainika. Kituo kimoja kikateleza chini kidogo. Asubuhi nikaenda nayo ziwani, nikagusa uzi, na ikatoka sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwenye vidole vyangu: nene, ya ndani, mara tatu, kisha kimya.

Kwenye njia ya juu yangu alikuwa anapita jirani yetu Bulul na farasi wake, amebeba tangawizi kwenda sokoni. Akasimama. Akatema mate. Akamgeuza farasi, akarudi kwao.

Nikadhani amesahau kitu. Kesho yake akapita tena, nikapiga tena, akarudi tena. Ndipo nikaelewa. Nilikuwa nampiga muhen.

Muhen ni ndege mdogo wa rangi ya udongo, na ndiye mwenye neno la mwisho. Ukiwa safarini akalia, unarudi. Humwulizi sababu. Anayekwenda kuuza nguruwe hurudi, anayekwenda kuoa hurudi, na anayekwenda hospitali hukaa chini kwanza afikiri. Ndiyo maana hakuna mtu mwenye akili timamu anayempiga muhen kwenye hegelung, kama vile hakuna anayepiga kelele za moto kwa mzaha.

Mtu mwenye akili timamu angerekebisha nta. Mimi nilitafuta kichaka kizuri cha kujifichia. Bulul nilimrudisha mara nne, mpaka tangawizi zikaanza kuchipua kwenye magunia, na alipoanza kumwuliza mke wake ni kosa gani wamefanya, mimi nilikuwa kichakani nimejiziba mdomo kwa furaha. Naona haya kuyaandika haya. Lakini fikiria miaka thelathini, halafu mtu mmoja anakusikia na kuamini.

Siku ya posa, mke wangu aliniamsha na kunipa kazi. "Hiyo hegelung yako, iondoe hapa. Na wewe uondoke nayo. Wageni watakuja saa sita kwa barabara. Wewe njoo saa sita, umeoga, na usipige kitu."

"Hata kidogo?"

"Baba Wanay, mtoto anataka kuolewa."

Basi nikapanda kilimani, mbali na barabara, nikajichimbia kwenye shamba la abaka, ile migomba yetu ya nyuzi. Sikujua kwamba mvua ya juzi ilikuwa imekata barabara upande wa pili, na kwamba Gumbay alikuwa ameamua kupita njia ya kilima, mapema. Nilikuwa nimefumba macho. Nilimpiga muhen vizuri kuliko siku zote. Niliacha nafasi mle anamoacha, nikavuta pumzi mle anamovuta. Nilipofumbua macho nikasikia patu, zile sahani za shaba tunazotolea mahari, zikigongana kwenye migongo ya farasi.

Niliwaona kati ya majani. Gumbay mbele, amevaa kilemba chake kizuri, ameinua mkono. Nyuma yake farasi, patu za mahari, akina mama na vikapu, na Tafing aliyekuwa amepauka uso. Gumbay aligeuza farasi, na wote wakageuka pamoja naye.

Nitasema ukweli kwa kuwa nimeshaanza. Kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa furaha. Watu ishirini na mbili! Nilihesabu. Furaha ilidumu kama pumzi tano hivi, mpaka nikamwona Tafing akigeuka kutazama upande wa nyumba yetu.

Nyumbani wali ulikuwa umeiva ndani ya mianzi na kuku walikuwa wamechomwa. Kabla sijapata la kusema, akaja mjumbe wa Gumbay mbio, hata maji hakunywa. "Muhen amekataza," alisema. "Mzee anasema mmsamehe, haya si mambo ya watu. Kijana atatafutiwa kwingine."

Wanay alikuwa amevaa shanga zote za mama yake. Alikaa chini pale pale, akaanza kuzivua moja moja, akizipanga kwenye mkeka.

"Ilikuwa mimi," nikasema.

Mke wangu alinitazama. "Ilikuwa wewe nini?"

"Yule muhen. Nilikuwa mimi, kwa hegelung."

"Wewe?" Sauti yake ilipanda. "Wewe ambaye hondohondo wako ni msumeno? Watu ishirini wazima, na Gumbay aliyezaliwa msituni, wakudhanie wewe ni muhen? Mume wangu, hata leo unataka kusifiwa?"

"Baba," Wanay akasema polepole, "usinifariji kwa uongo." Akamaliza kuvua shanga, akaenda ndani.

Hilo ndilo lililonipeleka. Kutoaminiwa na mke wangu nimezoea. Asubuhi nilivuka kilima peke yangu, na hegelung mgongoni, mpaka uani kwa Gumbay. Alikuwa anamtandika farasi wake. Nikamweleza yote, tangu nta mpaka tangawizi.

Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akakaa kwenye ngazi, akamwita mke wake, akawaita na majirani. "Piga," akasema.

Nikapiga. Macho ya watu wote yalikuwa kwenye vidole vyangu, na kilichotoka sijui hata mimi ni nini.

"Huyo ni bata," akasema Gumbay.

"Bata mgonjwa," akasema mke wake.

Majirani walicheka mpaka wengine wakashikana mabega. Gumbay hakucheka. "Mkwe," akasema, "naona unampenda binti yako, na kwa hilo nakuheshimu. Lakini usinijie hapa kumzulia muhen. Mimi nina safari. Nakwenda kwa rafiki yangu, na unajua nakwenda kuongea nini. Rudi salama."

Nikaondoka kwa adabu. Nilipofika nyuma ya nyumba, nikaingia kwenye abaka zake, nikachuchumaa. Sikuwa namwona mtu na hakuna aliyekuwa ananiona, na vidole vikatulia vyenyewe. Nikasikia hatamu zikilia. Nikapiga.

Kisha nikasikia miguu ikishuka kwenye farasi.

Akangoja. Akapanda tena. Nikapiga tena. Akashuka.

Mara ya tatu hata hakupanda. Alisimama katikati ya ua akapaza sauti kuelekea mitini: "Basi nimesikia! Kwa Wanay nisiende, huku nisiende! Niende wapi basi? Niambie!"

"Kwa Wanay unaweza kwenda, mkwe," nikasema, nikatoka nimeinua hegelung juu ya kichwa.

Alinikimbiza kuizunguka nyumba mara tatu kwa fimbo ya farasi. Ni mtu mzima lakini mbio anazo. Raundi ya nne alikaa chini ghafla, akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na mke wake akaja kumpigapiga mgongo. Halafu akaacha kucheka. Akaniita karibu.

"Sikiliza. Umemfanyia mzaha ndege asiyetaniwa. Mimi nitakuja kuposa, neno langu ni neno. Lakini siku tutakayomchukua bibi harusi, utatembea wa mwisho kabisa. Ile sauti ikilia njiani, nitarudi nyuma nikuangalie. Nikikuta ni wewe, nitaivunja hiyo hegelung, na hutapiga tena hata ukuta mbele ya ukoo wangu. Nikikuta si wewe, tunarudi, na harusi imekwisha, hata kama tuko mlangoni. Tumeelewana?"

"Tumeelewana. Naapa sitampiga tena."

"Najua hutampiga. Mimi nasema habari ya yule mwingine."

Wakaja kuposa kwa barabara iliyotengenezwa, mahari ikapokewa, na miezi miwili baadaye tukala harusi. Mke wangu alinitazama siku hizo zote kwa jicho jipya. Hakusema kwamba aliniamini, lakini aliacha kuitundika hegelung juu ya jiko. Nami nilikuwa nimeamua kwamba Wanay ataondoka nayo. Ilikuwa ya mama yangu. Huenda kule ng'ambo akazaliwa mtu atakayejua kuitumia.

Asubuhi ya kumpeleka tulishika njia ya kilima, kwa sababu barabara ilikuwa imekatika tena. Gumbay mbele, Tafing nyuma yake, kisha ukoo mzima na nyimbo zao. Kwa kuwa mimi lazima niwe wa mwisho, Wanay akasema basi farasi wake nimwongoze mimi, naye awe wa mwisho pamoja na baba yake. Hakuna aliyemkatalia bibi harusi. Mkono wa kulia nilishika kamba ya farasi. Wa kushoto nilishika tetea aliyekuwa zawadi ya mke wangu kwa mke wa Gumbay, tetea mwenye hasira. Hegelung ilikuwa mgongoni, ndani ya mfuko.

Kwenye kona ya juu, pale wenzetu walipokwisha kupinda na tukawa hatuwaoni, muhen akalia.

Kushoto, juu yetu, karibu kabisa. Mara tatu, kisha kimya. Na nikajua papo hapo jinsi nilivyokuwa nampiga vibaya, kwamba kulikuwa na kitu ndani ya sauti yake ambacho sikuwahi kukipiga. Nyimbo za mbele zikakatika. Nikasikia sauti ya Gumbay: "Simameni!" Nikasikia hatua zake zikirudi.

Nilimtazama Wanay. Alikuwa amekamata manyoya ya shingo ya farasi kwa mikono miwili.

Sijawahi kufanya kitu haraka hivyo. Nilimtupa tetea, nikaachia kamba, nikang'ang'ana na ule mfuko, nikaupasua mfuko mzuri alioufuma mke wangu, na Gumbay alipotokeza konani nilikuwa nimesimama na hegelung kifuani na kidole juu ya uzi.

"Ni wewe?" akauliza. Alikuwa anahema. Usoni mwake niliona kwamba anataka iwe ni mimi; kumbe miezi miwili ile alikuwa ameshampenda mtoto wangu.

"Ni mimi, mkwe," nikasema. "Nisamehe. Vidole viliwasha."

"Ulikula kiapo!"

"Nilikula. Sina akili, mkwe. Muulize mke wangu."

Akanipokonya hegelung ya mama yangu akaivunja juu ya goti lake. Ilitoa sauti moja, na kusema kweli ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kuzitoa mimi. Vipande akavitupa bondeni. Akanitukana mimi, akautukana mkono wangu wa kulia, akaomba radhi kwa miti. Kisha akarudi mbele akipiga kelele: "Ni yule mpumbavu wa bata! Twendeni!" Nikasikia kicheko kikipita mstari mzima, na nyimbo zikaanza upya.

Tetea alikuwa amesimama kwenye nyasi ananiangalia. Nikamkamata. Niliporudi kushika kamba, Wanay alikuwa bado hajasogea.

"Baba," akasema kwa sauti ya chini. "Mkono huu ulikuwa na kamba. Na huu ulikuwa na kuku."

"Twende, wanachelewa."

"Baba."

"Mwanangu, unamtaka yule kijana?"

Aliitazama miti ya kushoto kwa muda mrefu. Anamwamini muhen kama ninavyomwamini mimi, na mimi namwamini kabisa. Alikuwa anaweza kumwita Gumbay. Hakumwita. Aliinama akaichukua kamba mkononi mwangu, akampiga farasi kisigino, akaipinda kona bila mimi.

Nilibaki nyuma kidogo. Niliogopa, na bado naogopa kila ninapomwona mtu anakuja mbio kutoka upande ule. Niliinua uso kwenye miti nikasema kwa sauti, ili pasiwe na makosa: "Umenisikia nikisema ni mimi. Kwa hiyo yule binti hajakusikia. Kama una lolote, niletee mimi."